Mzao wa Saa Sita

Sokoni wote walimwita Tupa. Wageni walidhani ni tusi, kwamba mama wa watu aliwahi kutupwa mahali, na kusema kweli hawakuwa mbali. Lakini jina lenyewe alipewa na baba yake akiwa na miaka saba, kwa ajili ya tupa ile ya fundi, chuma chenye meno kinachokula chuma kingine. Ukimpokonya tupa alilia, ukimrudishia alinyamaza. "Huyu mtoto hakuzaliwa na ulimi," baba alisema, "kazaliwa na tupa." Ulimi ulikuja baadaye, nao ulipokuja ulikuwa na meno vilevile.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi yake ilikuwa kunoa. Kibanda chake kilikaa kwenye kona, bucha mkono huu, mshona nguo mkono ule, na jiwe lake la duara alilizungusha kwa mguu, kanyaga, kanyaga, mpaka magoti yaseme basi. Alinoa visu vya bucha, mikasi ya mshonaji, nyembe za vinyozi, majembe ukifika msimu. Watu walisema kisu kilichopita kwa Tupa hukata hata maneno. Hawakujua kwamba kunoa ilikuwa kazi ya mtu aliyenyang'anywa kazi. Kufua kisu ni kuzaa. Kunoa ni kulea mtoto wa mwenzio, umwogeshe, umng'arishe, halafu arudi kwao.

Asubuhi moja akafika mzee mmoja mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Posta. Tangu mkewe afariki alibaki na penzi moja tu: visu vya kukunja vya mafundi wa zamani, vile vilivyotengenezwa vichache kwa makusudi, vikagongwa namba, na visirudiwe tena. Watu wa namna hiyo wapo, na si wabaya. Wanapenda kazi ya mkono, ila mara nyingi hawaulizi ni mkono wa nani.

"Hodi hapa, fundi."

"Karibu, baba. Kisu, mkasi au maneno? Maneno sinunui, ninayo ya kutosha."

"Kisu, mama. Lakini hiki si cha kukata."

"Kisu si cha kukata!" mshona nguo akadakia kutoka kibanda cha pili. "Kama mume wangu. Mume, lakini si wa kazi."

Bwana Posta hakucheka. Alikunjua kitambaa laini, kunjo baada ya kunjo, kama anayefunua mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na kisu cha kukunja, urefu wa kiganja, mpini wa pembe ya ng'ombe, na kwenye ubapa wake imegongwa namba.

"Hiki ni namba tatu ya mzao wa pembe wa yule fundi maarufu, marehemu. Nimekipata wiki iliyopita kwa mwanawe mwenyewe. Ila nikikifunga kinasita. Naomba ukilegeze kidogo tu, mama, usikikwaruze. Nimekitafuta miaka kumi na tisa."

Mguu wa Tupa ukasimama juu ya kikanyagio. Yule fundi maarufu, marehemu, alikuwa baba yake. Na huyo mwanawe mwenyewe alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja.

Alikichukua kisu, akafumba macho, akakifungua karibu na sikio. Kikalia mara moja: tak. Akakifunga. Tak, kama mlango wa kabati la vyombo.

"Hiki hakiitiki," akasema.

"Hakiitiki vipi?"

"Una kingine cha mzao huo?"

Bwana Posta alisita, akatazama kulia na kushoto, kisha akaingiza mkono katika mfuko wa ndani, upande wa moyo. "Hiki ni namba tisa. Hiki hata kulala nalala nacho karibu."

Tupa alikipokea kwa mikono miwili. Hakuwa amekiona kwa miaka thelathini na mitatu. Mpini ulikuwa umeiva kwa jasho la viganja vya watu asiowajua, rangi ya asali iliyokaa, lakini mstari ule mweupe ulikuwepo, unaingia upande huu wa pembe na kutokea upande ule. Akaweka ukucha kwenye kijishimo chake, akavuta. Ubapa ulipofika katikati ukatoa sauti ndogo, laini. Ulipofika mwisho ukatoa nyingine, nene zaidi. A-bee.

"Abee!" mshona nguo akaitika pale pale, akainua kichwa kwenye cherehani. Kisha akacheka mwenyewe. "Jamani, nilidhani naitwa."

Tupa akapitisha kidole juu ya namba.

"Huyu ni saa tatu," akasema.

Bwana Posta akatazama saa yake ya mkononi. "Hapana, mama. Sasa hivi ni saa nne na robo."

*

Karakana ya baba ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilikuwa jeusi kwa moshi, kwa hiyo mchana wa mle ndani ulikuwa na rangi yake. Kulikuwa na mivukuto ya kupulizia moto, fuawe ya kufulia chuma iliyoketi kwenye kisiki, na jiliwa la kubania vitu, ambalo Tupa alilifikia kwa kusimama juu ya kopo la rangi. Juu ya jiliwa palitundikwa saa ya ukutani ya kutia ufunguo. Kulikuwa na harufu ya pembe ikikatwa, harufu mbaya kama nywele zinazoungua, ambayo mtu aliyekulia ndani yake huitamani kama wengine wanavyotamani harufu ya mkate.

Baba alitengeneza visu vya kukunja, na alivitengeneza kwa mizao. Pembe moja, au gogo moja la mpingo, likitoa visu sita ni sita, likitoa tisa ni tisa. Akishamaliza hugonga namba kwenye bapa, moja mpaka mwisho, na ndiyo basi. Aje tajiri, aje mkubwa wa serikali, aje nani, jibu lilikuwa lile lile. "Ng'ombe amekufa na pembe zake. Ukitaka vingine subiri ng'ombe mwingine, na havitafanana na hivi. Kwani wewe na ndugu yako mnafanana?"

Na kisu kwa baba hakikuwa kisu mpaka kiitike. Springi ya ndani ikisuguliwa vizuri, ubapa unatoa sauti unapofika nusu na unapofika mwisho. Visu vya baba mwenyewe viliitika kwa sauti nzito iliyoungana, naam, kama mwanamume aliyeitwa akiwa na shughuli. Springi zilizosuguliwa na Tupa zilitenganisha sauti mbili, a-bee. Baba hakuwahi kujua ni kwa nini. Alisema, "Mkono wako una adabu kuliko wangu."

Kaka alipelekwa shule. Tupa hakupelekwa. Walisema nyumba haina haja ya wasomaji wawili, barua zenyewe haziji. Aliyesema hivyo ni baba yule yule aliyempenda, na ndiyo maana neno lile halikupona. Mtu akikuumiza kwa chuki unajua pa kumweka. Akikuumiza huku anakupakulia nyama, utamweka wapi?

Basi kaka ndiye aliyekuwa akigonga namba, kwa kuwa anazijua. Tupa alijua alama zile kwa njia moja tu, ile saa ya ukutani. Baba alikuwa amemfundisha akiwa mdogo, ili asimamie moto wakati yeye hayupo. "Ukiona mshale mfupi umefika hapa, ni saa moja, washa. Ukifika hapa, saa mbili, mimi nimefika. Ukisimama juu kabisa, saa sita, tule." Na Tupa akashika. Alama ile ya juu, kijiti na bata, ni sita. Ile yenye kichwa na mkia, upande wa kushoto, ni tatu. Kwake kila alama ilikuwa na jina lake, na jina lilikuwa lile lililotoka kinywani mwa baba.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa baba akashikwa na homa isiyotaka kwenda. Kaka alikuwa mji mwingine, kwenye mafunzo ya ukarani. Mwenye kiwanda cha sabuni alikuwa ameagiza mzao mmoja wa pembe, tarehe imetajwa, neno limetolewa, na baba alikuwa mtu wa kufa kabla ya neno lake. Tupa akawasha moto.

Wiki tano alifua peke yake, na baba kalala chumba cha pili, ukuta wa mbao katikati. Hakumwona, lakini alimsikia. Nyundo ikipiga vibaya, sauti ya homa ilipita mbaoni: "Chuma kimepoa hicho, mama. Rudisha motoni." Baba alimwita mama, kama wazee wanavyowaita mabinti zao wakiwa na furaha au wakiwa wagonjwa. Aliikata pembe vibao kumi na viwili, viwili kwa kila kisu, akavipanga kwa mfuatano wake, ili ule mstari mweupe uliopita kwenye pembe upite kwenye visu vyote sita, ukitoka kimoja na kuingia kingine kama njia inayovuka mashamba. Halafu akachukua vyuma vya kugongea namba, akainua macho kwenye saa, akagonga saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka saa sita. Akavikaza motoni, akavichovya kwenye mafuta, akavisugua, akavifunga mipini.

Akaenda navyo kitandani. Alivifungua kimoja kimoja kwenye sikio la baba. Mgonjwa alifumba macho akasikiliza, na kila kilipoitika alitikisa kichwa. Cha sita kilipoitika alisema, "Hiki ni wewe kabisa. Kisu kikiitika hivi, mtu unajua umeita."

Siku alipoweza kuketi akavaa miwani. Akatazama bapa. Akatazama tena.

"Mama, mbona vimeanzia saba?"

"Saba wapi, baba? Hiki ni moja." Akamwonyesha saa kupitia mlangoni, mahali mshale mfupi unapokaa wakati wa kuwasha moto.

Baba aliitazama saa kwa muda mrefu. Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kilipomwachia macho yalikuwa yamelowa, naye hakuyafuta haraka. Chuma kilikwisha kukazwa. Kufuta namba ni kuua kisu. "Viache," alisema. "Nilikufundisha saa, sikukufundisha hesabu. Kosa si lako. Tuuite mzao wa saa sita, na usimwambie mtu, watakucheka wasiojua hata kushika nyundo."

Mwenye sabuni alipewa vitano na kimoja cha mpingo. Baba, ambaye hakusema uongo hata kwa watoza ushuru, alimwambia kuwa cha sita kilipasuka mpini. Kile cha sita, kijiti na bata, alikiweka mkononi mwa Tupa na kukifunga kiganja chake.

Baba aliishi miaka kumi na moja zaidi. Udongo wa kaburi lake haujakauka, kaka, ambaye ukarani ulikuwa umemshinda akarudi nyumbani, aliita jamaa. Akasema karakana ni ya mwanamume. Akasema dada yake alikuwa akifagia vumbi na kupuliza moto, na fagio halirithi fuawe. Jamaa wakatikisa vichwa, matumbo yao yalikuwa na wali wa kaka. Tupa, ambaye wakati ule mumewe dereva alikuwa amekwenda kununua tairi na hajarudi mpaka leo, aliuliza basi aende wapi.

"Si unaitwa Tupa?" kaka alisema. "Basi umetupwa."

Watu walicheka. Utani ulikuwa mzuri, na wengi wetu tumeumizwa hivyo, kwa sababu utani ulikuwa mzuri. Alitoka na tupa moja mkononi na kisu kimoja kwenye pindo la nguo.

*

"Baba," Tupa alimwambia Bwana Posta, "hiki chako cha namba tatu kimezaliwa mwaka huu. Pembe imepakwa chai ionekane ya zamani. Mzao ule ulikuwa na visu sita tu, na hiki hakimo."

Mzee alivuta kiti cha mshona nguo akaketi bila kukaribishwa. Nyumbani kwake, akaeleza, alikuwa na kabati la mbao la kuchambulia barua, alilopewa na posta alipostaafu. Safu moja ya vijumba kumi na viwili aliitenga kwa mzao wa pembe. Saba mpaka kumi na moja alikuwa navyo. "Mtu haanzi kuhesabu na saba, mama. Lazima moja mpaka sita vilikuwepo. Na mtoto wa marehemu ameniambia anavyo, atanipa kimoja kimoja. Jumamosi tunakutana wakusanyaji wote, kwenye ukumbi wa shule. Yeye ndiye mgeni wetu, na kadi ya mzao itaandikwa siku hiyo."

"Kadi ndiyo nini?"

"Ndiyo cheti chake. Idadi, mwaka, jina la fundi. Ikishaandikwa na kukubaliwa, ndiyo hivyo daima."

"Na fundi mtaandika nani?"

"Yeye. Si ndiye aliyevitengeneza? Amenisimulia mwenyewe, kwa machozi. Baba yake aliugua homa, naye akavifua peke yake wiki tano, marehemu akimwelekeza kupitia ukuta wa mbao."

Mshona nguo, ambaye alikuwa anajua habari zote za jirani yake, aliacha cherehani. Tupa alishanyang'anywa karakana, akazoea. Jina la fundi, akazoea. Lakini sauti ile iliyopita kwenye mbao, "chuma kimepoa hicho, mama," hiyo alikuwa hajajua kama nayo inaweza kuibwa.

"Hata homa ya baba kaichukua," alisema polepole. Akavua aproni yake ya ngozi. "Kavichukue visu vyako vitano, baba. Twende kwake leo. Jumamosi ni mbali."

"Nenda, dada," mshona nguo akasema. "Wateja wako nitawanolea mimi, Mungu awahurumie."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akizunguka mitaa mitatu ili asipite mtaa ule. Mlango ulikuwa ule ule, umepakwa rangi mpya. Juu yake kulikuwa na kibao ambacho Tupa alikijua kwa umbo, kwa kuwa mshona nguo aliwahi kumsomea: Baba na Mwana, Mafundi wa Visu. Ndani harufu ya pembe ikampokea kabla ya mtu. Fuawe ilikuwa na kutu. Jiliwa lilikuwa mahali pake, na kopo la rangi lilikuwa chini yake bado, limejaa misumari. Saa ilikuwa ikienda.

Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Alikuwa amezeeka usoni na kunenepa mikononi. Alipomwona mzee alisimama na tabasamu. Alipomwona aliyekuwa nyuma ya mzee, tabasamu likakosa pa kukaa.

"Shikamoo, kaka," Tupa akasema. Heshima ni heshima, hata kwa mwizi.

"Marahaba," kaka akajibu, kisha haraka kwa mzee, "Bwana Posta, huyu ni mdogo wangu. Ana matatizo yake. Msamehe kama amekusumbua."

"Anasema mzao ulikuwa wa visu sita tu," Bwana Posta akasema kwa upole. Alikuwa amevipanga vile vitano juu ya meza, kwenye kitambaa, na namba tatu pembeni. "Naomba unisaidie, bwana. Kwa nini hivi vimeanzia saba?"

"Kwa sababu moja mpaka sita ninavyo mimi. Nimeshakwambia. Huyu atajua nini? Hata jina lake hawezi kuliandika. Alikuwa akitufagilia hapa."

"Kweli, sijasoma," Tupa akasema. "Kaka, saa ngapi?"

"Nini?"

"Nimeacha kibanda. Nauliza saa ngapi."

Kaka akainua macho ukutani kwa hasira. "Saa tano. Saa tano kamili. Una haraka, nenda."

Bwana Posta naye aliinua macho, kama mtu yeyote anavyofanya saa ikitajwa. Mshale mfupi ulikuwa umesimama juu ya kumi na moja. Alibaki akiutazama. Kisha akashusha macho mezani, kwenye kisu cha mwisho katika mpango wake, namba kumi na moja, kisha akayarudisha ukutani. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya visu, na midomo ikitembea nacho: "Saba... saa moja. Nane... saa mbili. Tisa..." Akakifikia kipenzi chake, akakishika. "Saa tatu. Ulisema saa tatu. Ewe Mola! Miaka thelathini na tano nimegonga mihuri ya posta, naandika tisa natamka tatu, naandika tisa natamka tatu, na sikuona!"

"Baba yangu alinifundisha namba kwenye saa hiyo," Tupa akasema. "Nami nikagonga nilivyofundishwa."

"Uongo!" kaka akasema. "Hadithi za sokoni! Basi na saa sita iko wapi?"

Tupa akaingiza mkono kwenye pindo la nguo. Kisu alichokitoa kilikuwa kimechakaa kuliko vile vitano, makali yameliwa na kinoo, na kwenye kijishimo cha ukucha kulikuwa na uzi wa chungwa, kwa kuwa ndicho alichomenyea asubuhi. Hakukitunza ndani ya pamba, alikitumia. Akakilaza kwenye kitambaa, baada ya namba kumi na moja. Mstari mweupe ulitoka kwenye saa moja, ukapita saa mbili, saa tatu, nne, tano, ukaingia kwenye saa sita na kuishia hapo, mahali pembe ilipokuwa ikichongoka. Kile cha namba tatu kilikaa pembeni na chai yake.

Bwana Posta akakifungua cha sita. A-bee. Akakifungua cha tano. A-bee. Akakichukua kile cha kaka, akakitazama, akakirudisha bila kukifungua, akakisukuma taratibu upande wa pili wa meza.

Kaka aliketi. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema, si kwa mzee wala kwa dada yake, kama kwamba hilo linabadilisha jambo, "Hiyo saa mimi ndiye ninayeitia ufunguo. Kila Jumatatu. Haijawahi kusimama."

"Ahsante kwa hilo," Tupa akasema, na hakukejeli.

Alipokuwa akitoka alipitisha kiganja kwenye jiliwa, mahali palipolika kwa kiwiko chake mwenyewe. Palikuwa pametosha vilevile. Mlangoni akamwonyesha Bwana Posta kibao. "Hakisemi uongo, baba. Kimekosea mwana tu."

*

Jumamosi hakwenda ukumbini. Alisema ana mikasi. Lakini Jumapili Bwana Posta alimletea kadi sokoni, maandishi yake ya posta yamenyooka kama askari, akamsomea. "Mzao wa Saa Sita. Visu sita vya pembe moja. Vimefuliwa, vimekazwa, vimefungwa mipini na kugongwa namba na binti wa fundi, peke yake, baba akiwa mgonjwa. Namba zimefuata saa. Hakuna vingine."

Tupa akaipokea, akaigeuza, akampelekea mshona nguo. "Nisomee wewe."

"Kwani mzee kakudanganya?"

"Kabla yake nimedanganywa na watu walionyonya ziwa moja nami. Soma."

Mshona nguo akasoma, neno kwa neno, na yalikuwa yale yale.

"Soma tena pale pa 'peke yake'."

Akasoma tena. Akasoma na mara ya tatu bila kuombwa.

Bwana Posta akakohoa kidogo. Alikuwa na ombi, na aliliomba vizuri, kofia mkononi. Saa sita ikaingie kabatini pamoja na wenzake. Angeiweka kwenye kijumba chake, kwenye pamba, mbali na machungwa. "Bila hiyo, mama, safu ina pengo."

"Nami nimekaa na pengo miaka ishirini na miwili, baba. Sikufa. Kabati halitakufa."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa haki, hakusukuma. Alianza kukunja kitambaa chake, na pengine kule kukunja kwa taratibu, kunjo baada ya kunjo, ndiko kulikomlegeza Tupa.

"Lakini unaweza kuja navyo," akasema. "Siku za soko dogo, kukiwa kumepoa. Njoo saa sita."

Akaja. Kila Alhamisi, jua likiwa utosini na mnunuzi hakuna, Bwana Posta alifika na visu vitano kwenye kitambaa, akaketi kwenye kiti cha mshona nguo, na Tupa akasimamisha jiwe. Walivipanga juu ya aproni ya ngozi, akatoa na cha kwake, akakifuta uzi wa chungwa. Kisha alivifungua kwa zamu, saa moja mpaka saa sita, macho kafumba, kichwa kakiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukuta.

"Unamwita nani hivyo kila wiki?" mshona nguo akauliza siku moja, pini zimejaa mdomoni.

"Simwiti mtu," Tupa akasema. Akakivuta cha sita, kikaitika. "Naitwa mimi."